Jiwe la Mzee Ombati

Jumanne, 9 Machi 1971

Miguu imevimba, na nusu ya uchovu huu nimejitakia.

Asubuhi daktari alimpasua Mzee Ombati wa Nyacheki, akamtoa jiwe la kibofu kubwa kama yai. Nikalitupa kwenye ndoo pamoja na pamba chafu, kama siku zote.

Mchana akaja kaka yake. "Sista, jiwe liko wapi? Wazee wa boma wanalingoja."

"Tumelitupa, baba."

Akashika kichwa. "Huko nyumbani wanasema mke mdogo ndiye amemroga, wanataka kumfukuza. Daktari ameniambia jiwe kubwa hivyo hukua miaka mingi. Yule msichana ameolewa Desemba! Lakini wasipoliona, nani ataniamini?"

Nikaingia shimo la takataka na gauni langu jeupe. Saa nzima. Nililipata, nikaliosha, nikalifunga kwa bendeji. Hakusema hata asante, na sikumlaumu.

Nilimuuliza huyo mke mdogo yuko wapi.

"Si yule anayeleta uji kila alfajiri?"

Yule. Ninayemfokea kila siku arudi getini, kwamba saa ya kuona wagonjwa haijafika.