Beti Zangu kwa Mwanamume wa Kajuju

Gikonyo, nakuandikia kwenye karatasi ya kufungia sukari, hapa Karatina.

Zile beti za mapenzi nilizomwandikia Kajuju kwa miezi minane! Anazinakili kwa mkono wake na kumtumia kuruta mmoja wa chuo cha polisi cha Kiganjo, ambaye hamjibu.

Ameniambia mwenyewe, akicheka, chai mkononi: "Muthomi, wewe uko na maneno tamu. Niandikie zingine mbili, labda hizi atajibu."

Labda hizi atajibu! Ananiambia mimi!

Na unajua nilifanya nini? Nilichukua kalamu. Mimi, nisiyemwinamia mtu Nyeri nzima, nilimtungia yule kuruta ubeti mzima.

Ndipo nikamkumbuka Wendy aliyenikimbia, na Monicah aliyekuwa na mchumba. Nikakukumbuka ukinicheka: "Ukipendwa unatoroka, ukipuuzwa unatunga." Nikaurarua ule ubeti.

"Ai! Sasa umekasirikia nini?" Kajuju akauliza. Hakuwa anatania. Hajui kabisa.

Gikonyo, Jumapili nitakuja kwako nikuombe unisindikize kwa Kajuju. Nitakuwa na sababu nzuri. Pengine nitalia. Nikatalie, ndugu yangu. Funga mlango ikibidi.