Akiki Chini ya Kitanda cha Nyuma

Mshauri, nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa, na tafadhali jina langu usiliandike, maana huku kwetu Montana mashariki mtu akipiga chafya posta anaombewa afya kule kwenye ghala la ngano. Swali langu ni dogo tu, nataka kununua kiungo cha kugawa uzito, kile chenye vyuma viwili vya springi vinavyokazwa kati ya gari na tela ili mzigo usiyalemee magurudumu ya nyuma ya gari peke yake, kwa ajili ya tela letu la kambi la futi kumi na sita, na nimeshindwa kuchagua, kwa sababu kaka yake mke wangu, Duane, anasema, "Shemeji, chukua cha pauni elfu moja, kikubwa hakijawahi kumdhuru mtu," lakini muuzaji aliniuliza shingo ya tela, ule mkono wa mbele unaoegemea gari, ina uzito gani, nikaiweka juu ya mizani ya bafuni, ikasoma pauni 190, nilipomwambia akacheka, "Mzee, tela zima pauni elfu tatu na mia tatu, halafu shingo 190? Huko nyuma umebeba nini, piano?"

Si piano. Ni akiki, mawe ninayookota kando ya mto Yellowstone maji yakipungua, kama pauni mia mbili na arobaini, yapo kwenye ndoo chini ya kitanda cha nyuma, ambako mke wangu Arlys hainami kwa sababu ya magoti, na mwaka juzi aliniambia likiingia jiwe moja zaidi nyumbani yeye anatoka, basi nikaona tela si nyumbani.

Mwezi wa sita tulikwenda kambini, Arlys akiendesha, na huyu ni mtu ambaye ameendesha basi la shule miaka ishirini na miwili bila kukwaruza hata kioo, tukiwa tunateremka kilima tela likaanza kutikisa mkia, likatuvuta kushoto, kulia, kushoto, akaachia mafuta taratibu, akalituliza, akaegesha, akaitazama mikono yake, akasema, "Mzee, mikono yangu imechoka," na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Sote tunazeeka, mpenzi."

Tangu siku hiyo hajagusa usukani, na Ijumaa anapeleka shuleni barua ya kuacha kazi. Sasa nifunge kiungo kipi, tela litulie, aendeshe tena, aone mikono yake ni mizima, bila habari ya mawe kutajwa?

Mwenye Tela

*

Mwenye Tela,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La mke wako na la shemeji yako umeyaandika mwenyewe.

Nimeripoti ajali za barabara hizi kwa miaka thelathini na moja. Tela likianza kutikisa mkia, wengi hukanyaga breki kwa hofu, na kesho yake naandika majina yao. Mke wako aliachia mafuta akalituliza. Mikono hiyo ndiyo iliyokuokoa, nawe ukaisingizia uzee. Sikulaumu kwa kupenda mawe. Nakulaumu kwa sentensi moja ya maneno matatu.

Sasa kiungo. Hakuna cha kununua leo. Kiungo hicho hugawa uzito ulio shingoni, na wewe uzito wako umeupeleka mkiani, kitagawa nini? Toa ndoo zote. Pakia maji na vyombo kama mnavyosafiri, vizito vikae juu ya magurudumu au mbele yake kidogo, kisha pima upya. Kwa tela la pauni elfu tatu, mawe yakishatoka, shingo isome kati ya mia tatu na mia nne na hamsini. Chagua vyuma vinavyolingana na namba hiyo, baada ya kusoma kitabu cha gari na cha tela kuona kama vinaruhusu. Vya Duane ni vigumu mno. Vitalitingisha tela lako hadi misumari ilegee. Mwambie kikubwa kimeshadhuru watu wengi, nina orodha.

Kuhusu mawe, siri yako imekwisha. Gazeti hili hufika Alhamisi asubuhi, na katika kaunti hii dereva wa basi la shule anayeitwa Arlys ni mmoja. Ukilikuta limeshafunguliwa mezani, usikimbilie mtoni. Mpeleke na tela kwenye mizani ya ghala la ngano. Asome namba mwenyewe, kwanza mawe yakiwa ndani, kisha yakiwa nje. Ndoo unabeba wewe. Halafu mpe funguo, ukae kiti cha abiria, unyamaze hadi nyumbani. Hiyo barua ya shule muombe aichane akiwa amekasirika. Atafanya haraka zaidi.

Mwisho, chagua akiki iliyo nzuri kuliko zote, umpe mkononi ukiomba msamaha. Kisha rudi nyuma hatua kumi. Mikono yake haina kasoro yoyote.