Vigingi Ulivyovihamisha Burumba

Mama yangu mpendwa,

Nimepewa tuzo. Jumamosi iliyopita nilikwenda Nairobi na tai ya kuazima, nikakabidhiwa cheti chenye muhuri: mpango bora wa mji mdogo. Mwenyekiti wa majaji aliisifu barabara yetu ya Burumba, eti inafuata nyayo za wananchi badala ya rula. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyestahili.

Unaikumbuka asubuhi ile, mwaka ambao malori ya kahawa kutoka Uganda yalizidi? Wapima ardhi walikuwa wamepigilia vigingi vya barabara mpya vyenye ncha nyekundu, mstari ulionyooka kutoka forodhani hadi sokoni, kisima kikaachwa mbali kabisa. Nilikukuta umejifunga leso kiunoni, unaving'oa kimoja kimoja na kuvipigilia upya kando ya njia ya kwenda kisimani. Nyundo yako ilikuwa mchi.

"Mama! Unataka nifutwe kazi?"

"Baba, hao watu wako wamepima vizuri, lakini maji wanachotanga wapi? Hata madereva wanapitanga hapa wakitafuta chai."

Nilikugombeza mbele ya majirani. Mimi mchoraji ramani wa serikali, mama yangu anang'oa vigingi vya serikali! Uliupangusa mchi kwa leso, ukaingia ndani. 

Kuvirudisha sikuweza, maana bila wapima nisingejua mahali pake hasa, na niliogopa wakubwa watagundua ni wewe. Basi nikafanya la mwoga. Niliukwangua ule mstari kwenye ramani kwa wembe, nikauchora upya upite kwenye vigingi vyako. Mkubwa akatia sahihi bila kuangalia mara mbili. Tingatinga likaja, likafuata. Leo kisima kiko kando ya barabara na vibanda vya chai vimejaa.

Jumamosi waliniuliza wazo hilo nililitoa wapi. Nikajibu, "Utafiti." Niliona haya, Mama. Uliondoka duniani bila kunisikia nikikuomba radhi, na hilo linaniuma kuliko yote.

Ndiyo maana naandika hapa gazetini, majaji nao wasome. Wakitaka tuzo yao irudi, waje Burumba kwa barabara yako. Cheti watakikuta jikoni kwako, kwenye ule msumari uliokuwa ukitundikia ungo.

Nisamehe, Mama. Pumzika.

Mwanao aliyekugombeza