Mshale Uliopita Juu ya Tangi

Kambi ya wafanyakazi, Kericho
Jumatano, Agosti 1997

Kwa Baba yangu,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini mahindi yalisimama tena baada ya ile mvua ya mawe, na goti lako linakuruhusu kufika kwa ng'ombe. Chebet, dada yangu, najua wewe ndiwe unayewasomea. Soma polepole, usiruke mahali popote. Mdogo wangu Wesley yu hai. Natanguliza hilo ili Mama alisikie kabla ya mengine.

Naandika nikifuata daftari langu la kila siku, nisije nikajipunguzia kosa.

Jumapili ya juzi, baada ya kanisa, tulionyeshwa video katika ukumbi wa kambi. Viumbe kutoka nyota nyingine walikuja wakakaa juu kabisa, wakiizunguka dunia kama mwezi, na kutoka huko wakachoma miji. Watu walikimbia huku wakiwaka moto. Nilikumbuka mwaka ule nyumba zilipochomwa mpakani, ukatupatia upinde wako na mishale minne tuje nayo huku. Nilitoka ukumbini shati limelowa jasho.

Nje mabishano yakaanza. Wafula, fundi wa boila kiwandani, alisema majeshi ya dunia yangewamaliza viumbe hao kwa siku moja.

"Kombora moja tu, karani! Puu! Kwisha!"

Huku wananiita hivyo kwa kuwa ndimi ninayepima majani ya chai. Nilimweleza tuliyofundishwa kidato cha nne. Kombora hupanda likibeba mafuta yake, dunia ikilivuta chini njia nzima, na adui analiona tangu linapoondoka. Yeye aliye juu anahitaji kusukuma mawe tu. Na hata tukimpiga, vipande vitamwangukia nani?

"Wewe pima majani yako," Wafula akasema. "Vita waachie wanaume."

Watu wakacheka. Wesley, unayemjua kwa mizaha, akajaza madongo makavu katika gunia, akapanda ngazi ya tangi la maji mpaka juu.

"Mimi ndio wale viumbe!" akapiga kelele. "Watu wa dunia, leteni silaha zenu!"

Wanaume kama kumi wakaanza kurusha mawe. Yalipofika karibu na miguu yake yalikuwa yamechoka. Moja alilidaka kwa mkono mmoja. Madongo yake yalishuka kama nyundo. Moja lilimpasua mtu nyusi. Jingine lilimvunja Wafula pua. Kicheko kikakatika. Wafula aliokota nondo, damu ikimtiririka kidevuni.

"Nikikufikia nitakutupa chini kama gunia la majani!"

Ndipo mmoja akasema, "Karani ana upinde wa baba yake. Alete tuone kama mshale utafika."

Ningeweza kukataa, Baba. Nilijiambia kwamba nazuia vita, lakini kweli ni kwamba nilitaka kushinda mabishano. Nilichagua ule mshale wa kumtoa ng'ombe damu ya kunywa, wenye kizuizi cha mti nyuma tu ya ncha, kinachozuia chuma kisizame zaidi ya ukucha. Niliona huo ndio salama. Nilikagua ncha, manyoya na uzi wa upinde. Sikukagua kano linalokifunga kizuizi. Wewe hulilowesha majini kila mara kabla ya kulenga shingo ya ng'ombe. Nimekuona tangu utoto. Mimi nimeuweka mshale huo juu ya jiko miaka yote hii, na kano lilikauka likalegea.

Nilimwambia Wesley alale kifudifudi juu ya tangi. Akajibu, "Sawa, kaka!" Nikapiga wima, kando ya tangi, ili waone nguvu inavyoisha. Mshale ulipanda, ukalipita tangi, ukaenda kusimama hewani.

"Umefika! Umefika!" wakapaza sauti.

Wesley akainuka autazame. Mshale ukageuka.

Ulimwingia kati ya shingo na bega la kulia, chuma chote kikazama. Alipiga magoti, na damu yake ikateremka ubavuni mwa tangi mpaka chini. Kizuizi nilikiona nyasini karibu na kiatu changu. Kilikuwa kimechomoka palepale nilipoachia uzi.

"Amemuua ndugu yake!"

Waliniangusha wakanipiga mateke. Nimevunjika mbavu mbili na jino moja. Sikujikinga. Aliyepanda ngazi ni Wafula, na pua yake ile ile. Alimteremsha Wesley mgongoni, damu zao zikichanganyika, na akiwa bado katikati ya ngazi akawafokea: "Mwacheni karani! Tafuteni gari!"

Daktari ameutoa mshale. Pafu halikuguswa. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki, na hataweza kuchuma chai tena.

Wesley aliniomba niandike kwamba alianguka tu kutoka tangini. "Baba akijua," alisema, "wazee watakufungia nyumba." Najua wanachosema juu ya mtu aliyemwaga damu ya ndugu wa tumbo moja, kwamba hata maziwa hapewi. Lakini siwezi kukuandikia uongo. Mwisho wa mwezi nitamleta nyumbani. Niambie kama niingie bomani, au nimwache langoni nirudi. Lolote utakalosema nitalitii.

Ninapoandika haya, Wesley yuko kitandani mbele yangu. Anasema, "Mwambie Baba wale viumbe walipigwa." Nimemjibu kwamba mshale haukumpata mtu ulipokuwa unapanda, ila uliporudi chini. Amesema, "Basi andika hivyo."

Msalimie Mama, na umwambie Wesley anakula. Msalimie shangazi anayetukamulia ng'ombe, na mchungaji wetu. Aombe bila kutaja jina langu mpaka utakapoamua. Chebet, asante kwa kusoma mpaka hapa.

Kizuizi kimo ndani ya bahasha hii. Mshale ninao mimi. Nitasimama nao langoni, ncha ikinielekea kifuani, mpaka uniite.

Mwanao wa kwanza,
Joel Kiprono