Sanamu Isiyo na Miguu

Fundi,

Ni mimi Koku, uliyenifundisha kushika mwiko. Tangu tulipokuzika sikuwa nimekanyaga tena kule kwenye boma la mtemi, kwenye sanamu zako. Napata kazi Mkolani, napiga plasta vyumba vya kupangisha. Si kazi mbaya, ukuta haudai sura. Ila juzi Kulwa, binti yako, alinipigia simu akaniambia nije na nyundo kubwa. Alitaka ile sanamu yako ya mwisho ivunjwe kabla ya kuanua matanga Jumamosi.

Sikumuuliza sababu, maana Buhongwa nzima inaijua. Sanamu ina sura yake. Uliiacha imekamilika kichwa na kifua, chini ni nondo na waya wa kuku tu, basi ndugu zako wakaanza kunong'ona kwamba marehemu amemwandalia mwanawe mahali, kwamba anamwita. Kulwa anasema haamini mambo hayo. Anasema pia kwamba hapati usingizi.

Tuliingia getini asubuhi, tukashuka kwa mguu ile njia ya kwenda ziwani. Nikupe habari za huko. Nyumba ya mawe ya mtemi wameiwekea bati jipya, jekundu, baya. Nyumba ya ngoma imeezekwa vizuri. Pembeni ya njia wamefyeka, na watoto wa shule wanaoletwa kutembea wanampanda chatu wako wa saruji mgongoni mpaka amekuwa laini. Wacheza ngoma ya bugobogobo bado wamesimama kwenye safu na majembe juu, ila mmoja jembe limevunjika amebaki na mpini, naye anaucheza hivyo hivyo. Mama wa mtemi wamempaka rangi ya mafuta, midomo myekundu kama anakwenda harusini. Ungekufa mara ya pili. Nilikwangua kidogo kwa kucha, inatoka.

Kwa fahali nilisimama. Kulwa akatangulia, hakutaka kuangalia chochote.

Unakumbuka sikio lake la kushoto? Nililisawazisha siku nzima, nikajisifu, ukaja ukalikata pengo kwa ncha ya mwiko likiwa bado bichi. Nilinuna mpaka jioni. Ukasema, "Wewe Muhaya, kwenu ni migomba tu, utajulia wapi? Ng'ombe hujulikana kwa sikio. Huyu ulikuwa umemtengeneza hana mwenyewe." Nikakujibu kwamba Msukuma hata akifika mbinguni atauliza kwanza malisho yako upande gani. Ulicheka ukakaa juu ya mfuko wa saruji. Nimeukosa utani huo kuliko nilivyotegemea, Fundi. Mkolani hakuna anayejua kunitukana.

Sanamu yenyewe iko pale mwisho wa njia, kati ya yale mawe makubwa, maji yakianzia chini yake. Uliianza kwa desturi yako, uso kwanza na miguu mwisho. Mafundi wote huanzia chini, wewe ulisema mtu ukimwanzia miguu ataondoka hujamjua. Nilikuwa naona ni ubishi wa uzee.

Kulwa aligeuka akatazama ziwa. Akaniambia, "Piga, tuondoke."

Nikainua nyundo. Unajua mtu akitaka kuvunja zege lazima atafute pa kuanzia, kwa hiyo nikaikagua: shingo, bega, kichwa. Ndipo nikaona masikio. Yote mawili mazima. Na Kulwa ndewe yake ya kushoto imechanika tangu utotoni, hereni ilinasa kwenye miiba ya zizi, wewe mwenyewe ulinisimulia ukishika sikio lako kana kwamba bado linauma. Mtu aliyekumbuka sikio la ng'ombe wa mtemi hawezi kusahau la mwanawe. Nyundo nikaiweka chini.

Nilimwita. Alikuja bila kupenda, akaingiza vidole chini ya kitambaa chake cha kichwa akashika ndewe yake, kisha akashika ile ya saruji. Akakaa juu ya jiwe. Akasema, "Ni Doto."

Mimi nilijua tu kwamba lazima alikuwepo Doto, maana hakuna aitwaye Kulwa aliyezaliwa peke yake. Lakini miaka yote niliyofanya kazi nawe hukumtaja, na watu wote walikuita Baba Kulwa, basi. Sikuuliza, si jambo la kuulizwa. Kulwa ndiye aliyenieleza. Doto alikufa hajaanza kutembea. Bibi yao alikataza mtu yeyote kulia, akisema aliyebaki atasikia na kumfuata pacha wake, na jina lenyewe likaachwa kutamkwa nyumbani. Kumbe wewe ulikuwa unamkuza kichwani muda wote huo, ukaazima sura ya dada yake ili umpe umri wake. Na sisi tukatazama sura, tusitazame sikio, tukakaribia kumzika mara mbili.

Kulwa alilia, Fundi. Alilia kwa sauti, pale pale, na nikamwacha amalize. Sidhani kama ulikuwa msiba wako peke yako.

Alipotulia akavua viatu. Nilirarua mfuko wa saruji niliookota kwenye lile banda letu la kazi, nikautandika chini, akasimama juu yake nami nikazungusha msumari kuchora nyayo zake. Wakati nachora ndipo akaliona shimo la pili la msingi, pembeni ya sanamu, umeshalipanga mawe ya chini. Walikuwa wasimame wawili, yeye na Doto. Alilitazama, akasema, "Hilo usiliguse. Mimi bado natembea."

Kwa hiyo nyundo nimeirudisha kwa mwenyewe. Kesho napeleka mchanga, na kabla ya Jumamosi Doto atakuwa na miguu, kipimo cha dada yake, bila rangi. Shimo nitalifunika kwa ubao mtu asije akatumbukia. Midomo ya mama wa mtemi nitaishughulikia baadaye, hata wakinifukuza.

Lala salama, Baba Kulwa na Doto.

Koku