Mchoro wa Bibi Fatu Katika Banda la Ng'ombe

Dada Rukia,

Kabla hujaendelea, nakuomba kwa jina la Mungu: simamisha cherehani, funga mlango, na kama kuna mteja amekuja kupimwa gauni mwambie arudi baadaye. Neno lolote utakalolisoma humu lisimfikie shemeji, lisimfikie mama, wala lisiingie kwenye lile kundi la ukoo kwenye simu, ambako hata salamu ya asubuhi hugeuka kuwa kesi. Ni lako peke yako, kisha ni la Bibi Fatu, kungwi wetu. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono. Simu yako hapo Mtawanya ni kama mtungi wa msibani, kila apitaye anachota.

Baada ya hilo, asalaam aleikum. Hujambo dada yangu? Macho bado yanakuuma ukishona vitambaa vyeusi? Binti yako Nasra je, amekuwa mrefu kiasi gani? Picha uliyonitumia imekatwa miguuni, sasa sijui kama amenipita. Na mama, ameacha ule ubishi wake wa kwenda kuokota korosho mwenyewe wakati goti halimpi ruhusa? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi naendelea nayo, ileile ya ukarani wa masjala hapa chuoni, kupanga majalada ya wanafunzi na kujibu barua za watu waliokasirika. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Nimezoea, ila sijaipenda.

Roho ndiyo si nzima, na sababu ni ngoma.

Usicheke. Unamkumbuka Bi Ruth, yule mama mtu mzima ninayekaa naye ofisi moja, anayenigawia supu? Majira ya baridi yalipoanza aliniuliza, "Mwanahawa, Jumamosi huwa unafanya nini?"

"Nafua."

"Na ukimaliza kufua?"

"Naanika."

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. Jumamosi iliyofuata, alasiri, akanibeba kwenye gari lake mpaka kwenye ukumbi wanakochezea ngoma ya kwao wanayoiita kontra. Watu wanasimama safu mbili ndefu zinazotazamana, kila mtu na mwenzake. Wapo wapiga fidla, na pembeni anasimama mzee mmoja mrefu, Bwana Walter, anayeita: shikaneni mikono, zungukeni, vukeni, geukeni. Kila ngoma ikijirudia, wawili wanasogea mbele na kukutana na wawili wengine, hadi mwisho wa yote umecheza na ukumbi mzima bila kumwacha mwenzako. Bwana Walter ndiye anayezitunga. Anasema kuitunga ngoma ni kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayebaki amesimama bila mkono wa kushika.

Mikono ndiyo ilinitisha. Wanaume wamo, na wewe unajua tulivyolelewa. Siku ya kwanza nilivaa glavu. Bwana Walter akaniambia, "Binti, humu ndani hakuna baridi." Nikamjibu najua. Bi Ruth akanielewa kabla sijasema zaidi. Akanivua kanga begani, akanipa pindo moja, pindo la pili akalishika yeye, akasema, "Haya, sasa zunguka." Tukazunguka. Mwanamume aliyefuata akalipokea lile pindo kwa adabu kama anapokea sahani ya pilau. Tangu siku hiyo wananiita mtu wa kanga, na siku hizi wapo watatu wanne wanaokuja na vitambaa vyao.

Dada, safu zile mbili zilipotazamana kwa mara ya kwanza, sikuwa pale tena. Nilikuwa Kitaya, kiangazi, maji ya Ruvuma yamepungua na mchanga umejitokeza, na wanawake wa ng'ambo wamevuka na ngoma zao kuja kushindana na wa kwetu. Unakumbuka mama mkubwa alivyokuwa akitoka mbele ya safu, mkono kiunoni? "Nyie wa ng'ambo mnakanyaga kama mnaua nge!" Na yule mnene wao akamjibu papo hapo, "Na nyie mnakanyaga kama mnaogopa kumwamsha mume!" Mama mkubwa akacheka mpaka akakaa chini, na safu yetu ikashindwa kwa kicheko. Sisi tulikuwa pembeni na ming'oko yetu ya moto iliyochimbwa porini na chumvi ya pilipili, tunapigania ile minene. Huku wakicheza hakuna anayemtania mwenzake. Wanatabasamu tu. Nilitamani mtu mmoja, mmoja tu, aniambie miguu yangu ni ya bata.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Ukumbi wao ulipata tatizo la paa, wakahamia kwenye banda la zamani la ng'ombe nje kidogo ya mji. Banda lile ni la mviringo, na katikati pana nguzo nene inayobeba dari. Safu ndefu haziingii. Zikinyooka, wa mwisho wanagonga ukuta. Zikijikunja, watu wanapoteza wenzao. Bwana Walter alijaribu wiki mbili tatu, akachoka. Akasimama kwenye nguzo akasema, "Banda hili halitaki kontra." Nami nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, "Kwetu uwanja ni wa mviringo."

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Basi tutungie wewe," akasema Bwana Walter, na hakuwa anatania. Kuna mkusanyiko wao mkubwa theluji ikishayeyuka, watakuja wachezaji wa miji mingine, na wanataka ngoma mpya itakayolifaa lile banda.

Nilitunga kwa korosho. Zile alizonifungia mama nilizimwaga mezani chumbani, kikombe katikati ndicho nguzo, nikazipanga wawiliwawili na kuzisogeza. Korosho nzima ni wanawake, vipande ni wanaume. Bi Ruth alikuja akanikuta nimeinama. "Huyu ni nani?" akauliza. Nikamwambia, "Ni wewe." "Na huyu?" "Mwenzako." Akamchukua mwenzake akamtafuna, akasema sasa tuone ngoma yako itamfanyaje mjane. Dada, tangu nitoke nyumbani sikuwahi kucheka namna ile. Na kweli nikampatia njia: mtu asiye na mwenzake anapita katikati, anapokelewa na kila wawili kwa zamu, hadi mwingine anachukua nafasi yake. Huko kwao mtu wa namna hiyo hukaa benchi.

Mwanzo wa ngoma naweza kukuandikia. Safu mbili zinaanza zimepinda, moja ndani, moja nje, zimeipa nguzo bega. Ya ndani inakwenda kulia, ya nje kushoto. Wanakutana, wanapeana pindo la kitambaa, wanapita chini yake, safu zinabadilishana. Kisha zinaanza kuingiliana. Namna zinavyoingiliana sitaandika. Utaelewa kwa nini.

Niliona ninabuni. Naapa, dada. Kila nilipokwama nilifumba macho na mkono ukasogeza korosho wenyewe, nikadhani hicho ndicho kipaji. Tukawafundisha, wakaipenda. Wazee waliokuwa wakiondoka mapema wakawa hawaondoki. Bwana Walter alisema ameita ngoma maisha yake yote na hajawahi kuona banda zima likipumua kwa pamoja.

Jumamosi iliyopita akaniambia, "Panda juu uione kazi yako." Kuna dari walikokuwa wakiweka majani makavu ya ng'ombe, unaifikia kwa ngazi. Nikapanda. Fidla zikaanza. Nikachungulia chini, na katika sakafu ya banda lile, katika nchi ya baridi, nikauona mchoro wa Bibi Fatu.

Wewe unaujua. Ulikaa mbele yake kabla yangu. Ni ule wa mwisho, anaouchora kwa unga wa muhogo siku ya kutoka unyagoni, ndani, mlango ukiwa umefungwa na kina mama wanaimba nje ili asisikike. Si unaofanana nao. Ndio wenyewe, na nguzo iko pale pale anapoweka kile anachoweka. Watu wale wema, na sweta zao, walikuwa wanautembea mstari kwa mstari, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Nilishuka nikamshika Bi Ruth nikamwambia nina kizunguzungu. Aliniletea maji. "Ni nzuri mno, ndiyo maana," akasema. Nikayamaliza maji.

Nilikumbuka Bibi alivyonishika kidevu siku ile. Sote wali wa mwaka ule tulikuwa tumeambiwa: mlichokiona humu kizikeni humu. Lakini mimi aliniongezea langu. "Ntoto huyu," akamwambia somo yangu, "kichwa chake kinasahau, miguu haisahau. Nchunge." Nilidhani ananisifu.

Sasa wanataka kuipiga picha ya video kutoka juu, siku ya mkusanyiko, waiweke mtandaoni. Wanataka kuiita Kitaya, na jina langu lisomwe. Unajua video zinavyotembea. Kabla ya wiki kuisha itakuwa kwenye simu ya kila kijana anayekaa kijiweni, na wanawake wa ukoo wataitazama mara moja tu na kunyamaza. Kunyamaza kwao nakuogopa kuliko matusi. Na mwaka huu, Mungu akipenda, Nasra anaingia ndani, na wewe umeniomba niwe somo yake. Nimeshaomba likizo. Nimeshanunua kitambaa cha kumfunika. Nani atamkabidhi mwali kwa mtu aliyeianika siri kwenye banda la ng'ombe?

Video nimeikataa. Nilimwambia Bwana Walter kwetu kuna michoro isiyotazamwa kutoka juu. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi dari tutaifunga." Hakuuliza lingine. Lakini ngoma yenyewe iko bado miguuni mwao, na Jumamosi watanisubiri.

Ningeweza kuivunja. Nimejaribu mezani. Nikiutoa ule mwingiliano, wale wasio na wenzao wanarudi benchi, na ngoma inakuwa watu wanaozunguka nguzo kama mbuzi aliyefungwa. Kwa hiyo nakutuma swali, dada, na ulipeleke kama lilivyo.

Nenda Kitaya. Usimpigie mtu kwamba unakuja. Mpelekee Bibi sukari na tumbaku yake, mwache amalize kukusema kuwa umekonda, kisha mkiwa wawili mwambie hivi: Mwanahawa anasema ule mchoro wa mwisho umemtoka kwa miguu bila kujua. Anasema anayeucheza hauoni, kwa sababu yumo ndani yake; anaona mgongo wa mwenzake na pindo la kitambaa tu. Anasema anakumbuka kwamba na sisi, Bibi alipomaliza kuuchora, alitusimamisha juu yake tukaucheza mpaka unga wote ukaisha, tukatoka na nyayo nyeupe. Miguu yetu iliufuta. Ya watu hawa inauchora, halafu fidla zikinyamaza hakuna kitu sakafuni. Anauliza: kilichochorwa namna hiyo, kimefichuliwa au bado kimezikwa?

Akikasirika, usinitetee. Sikiliza tu. Akicheka, sikiliza zaidi, maana Bibi hucheka kabla ya kukataa.

Nisalimie mama na umwambie korosho zake zimefanya kazi kubwa kuliko alivyokusudia, bila kueleza kazi gani. Msalimie shemeji fundi, na ile pikipiki yake inayopona kila siku. Msalimie mama mkubwa, mwambie huku hakuna anayejua kutukana vizuri. Nasra mwambie namletea kitu, na asinipite urefu kabla sijafika. Somo yangu, Bi Sharifa, usimsalimie kwanza. Atasoma usoni mwako.

Barua hii anakuletea Yahaya, kijana wa Mikindani anayesoma hapa chuoni, anakuja kuona wazazi. Hajui kilichomo. Usimrudishie jibu, kwa sababu anarudi baada ya mkusanyiko, na usinipigie, kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia na ukuta wa chumba hiki ni karatasi. Usiandike lolote kwenye simu. Badilisha tu picha yako ya profaili. Ile kanga yangu niliyokuachia, ya rangi ya bibo lililoiva: Bibi akiruhusu, ianike wazi kwenye kamba ya uani uipige picha. Akikataa, ikunje uiweke juu ya cherehani, uipige picha hivyo hivyo ilivyokunjwa. Watu watadhani unauza kanga.

Mimi nitakuwa natazama kila asubuhi nikiamka, na kwenu jua litakuwa limeshapinduka. Nikiiona imeanikwa, Jumamosi itakayofuata nitaingia kwenye safu na kushika pindo langu. Nikiiona imekunjwa, nitawaambia ngoma imeniharibikia mikononi, nitaomba radhi, nitarudi chumbani, na korosho zote zilizoko mezani, wanawake kwa wanaume, nitazila.

Mdogo wako,
Mwanahawa