Kibanio cha Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Leo kiwandani cherehani zote zilizimwa, tukaitwa. Bosi kapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa kama anatangaza harusi. Kampuni imempeleka mtu mahakamani! Anashona mbeleko zetu za mikanda, na sisi tuna hataza. Tukaulizana hataza ndiyo nini. Akasema ni cheti cha serikali: kitu tumekivumbua sisi, mwingine akikitengeneza ni mwizi. Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga — mjinga mimi!

Ndipo akamtaja mwizi mwenyewe.

Wifi yangu.

Jumanne, 5 Machi

Sijalala. Mtoto anaota meno, mimi nasaga yangu.

Mbeleko ile niliibuni mimi! Nyumbani kwa wifi, kwa cherehani ya wifi, tumbo likiwa hadi hapa. Nilitaka ifunguke kwa mkono mmoja, wa pili umshike mtoto. Mimi ni mtu wa shoto, basi kibanio nikakiweka kushoto. Hakuna lingine. Wifi alicheka: "Shoto, hii wataivaa watu wa ukoo wenu tu." Lakini akashona nyingine, akauza, watu wakaja kuulizia.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nikaenda nayo kazini. Bosi akaniambia hebu geuka. Geuka tena. Nikageuka kama mwanamitindo, ninachekelea! Kumbe napimwa.

Alhamisi, 7 Machi

Maofisa wa mahakama wamekwenda kwa wifi na amri. Mbeleko zote kwenye magunia, hata vitambaa vilivyokatwa tu. Mteja mmoja alikuwa mlangoni kambeba mwanawe. Wakamwambia hiyo nayo ni ushahidi, ivue. Akaivua pale pale barabarani, mtoto analia, mtu mzima na kitambulisho chake shingoni anakunja mbeleko yenye joto la mtoto. Pfuu!

Mama mkwe kasikia "hataza", yeye kaelewa "hatia". Analia: mwanangu ana hatia, mwanangu ana hatia. Nikamwambia si hatia, mama, ni hataza. Kaniuliza tofauti yake ni nini.



Jumatatu, 11 Machi

Wakili wa kampuni kaniita ofisini kwa bosi. Chai, biskuti, "dada yangu" kila neno la tatu. Alhamisi nitakuwa shahidi wao. Niseme mbeleko ilibuniwa kiwandani, wifi akaiona kwangu akaiiga. Basi, nirudi nyumbani. Bosi akadokeza kuwa chumba cha ukaguzi kinahitaji msimamizi, kazi ya kukaa. Na nisiposema? Hapo wakili akanisogezea biskuti.

Nikaomba kuisoma hiyo hataza. Kibanio kimewekwa kushoto "karibu na moyo wa mama, ili mapigo yake yamtulize mtoto, kwa mujibu wa utafiti".

Utafiti! Nikasema, bosi, kiko kushoto kwa sababu mimi ni shoto. Akatabasamu: "Mama, ya nyumbani tuyaache nyumbani."

Na mimi nikasema sawa, bosi. Sawa! Na biskuti nimekula.

Jumatano, 13 Machi

Mume wangu anasema nifanye ninavyoona. Dada yake wa tumbo moja! Kasema hivyo akitazama simu. Nimempa chakula kilichopoa.

Alhamisi, 14 Machi

Naandikia kwenye benchi, korido ya mahakama. Wakili aliagiza nije bila mtoto. Nimwache na nani? Bibi yake yuko hapa, kanipa mgongo. Wifi kaketi mwisho wa benchi, hajaniamkia.

Mtoto akalia njaa. Nikafungua kibanio — kwa shoto, mara moja, kama siku zote. Nikasikia wifi anacheka puani. Karatasi za mashtaka amezisoma zote.

"Ee Shoto, mapigo yamemtuliza?"

Nikacheka hadi machozi. Yeye pia. Mama mkwe akageuka kutuangalia kama wendawazimu.

Wakili naye ameona. Kaja haraka, kainama na manukato yake: "Mbele ya hakimu, tafadhali, tumia mkono wa kulia." Nikamwambia kwa wa kulia nitamwangusha mtoto. "Basi mpe mtu amshike." Wifi kanyoosha mikono: "Lete mwanangu, wewe nenda kaniseme." Hakusema kwa ubaya. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nimemwambia hapana, wifi. Huyu naingia naye.

Ameshiba, nimemfunga tena. Karani kafungua mlango, anaita majina. La wifi. La bosi. Sasa langu. Wakili kasimama mbele yangu, ananionyesha mkono wake wa kulia kama mwalimu wa chekechea, macho kwenye kibanio, kisha kwenye kalamu hii, kisha kwenye mkono wa kushoto unaoishika —